Fremu Iko Chini ya Kitanda Changu

Kebirigo, Nyamira
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwako Baba Mdogo Nyangau,

Nisamehe kwa kuchelewa hivi. Barua yako na kifurushi vilifika kabla ya Krismasi, na tangu siku hiyo barua imelala ndani ya Biblia yangu. Si dharau. Mtoto ameota meno mawili kwa mpigo, chai ya Desemba ilitushinda kuchuma, na kila nikishika kalamu kuna mtu analia. Siku nyingine mtu huyo ni mimi.

Sisi hatujambo. Abigael ameingia gredi ya nne, anasoma mpaka karatasi za kufungia nyama. Mume wangu Eric yuko na anakusalimu. Mama huko Birongo goti linamsumbua, naye anakusalimu. Hapo nimeongeza mwenyewe. Nilipomwambia nakuandikia, aliniuliza bei ya sukari.

Asante kwa sukari na sweta ya Abigael. Hicho kitambaa laini na kichupa cha mafuta umesema ni vya kuifutia ile baiskeli ndogo ya marehemu baba. Baba Mdogo, kitambaa hicho ni laini kuliko nepi yoyote niliyowahi kumfunga mwanangu. Nepi hukutuma.

Halafu maswali. Umeniuliza kumi na moja juu ya baiskeli na moja juu ya watoto. Nimeyahesabu.

Ndiyo, ipo. Tulipomzika baba mwezi wa nane, mama alinipa nije nayo Nyamira, akasema hataki tena kuiona ikining'inia darini mwa jikoni. Unakumbuka baba alivyokuwa: fundi wa baiskeli ambaye jogoo akisimama karibu naye angempaka rangi. Lakini hiyo moja, mara moja kwa mwaka aliishusha, akaifuta, akaitia mafuta, akairudisha ndani ya gunia. Hatukuiendesha hata siku moja. Alituambia ni zawadi ya yule daktari Mzungu ambaye baba alikuwa akimtunzia bustani Kisii zamani.

Sasa Abigael anaitaka ya kwenda nayo shule. Nimenunua mkebe wa rangi ya fedha sokoni Daraja Mbili, na brashi. Tairi zimekauka kama chapati ya juzi, nitaweka mpya.

Ila niambie. Kwa nini uliandika "usimwambie mtu"? Baiskeli ya mtoto ina siri gani? Ningepiga simu, lakini simu yako hupoteza mtandao swali likifika. Karatasi haikati.

Mwanao,
Phanice


Nakuru
15 Februari 2025

Phanice mwanangu,

USIPAKE RANGI. Nimeandika hivyo kabla ya salamu, unisamehe.

Salamu sasa. Huku tu wazima, gereji inaenda, mvua hakuna. Mpe pole mtoto wa meno. Mwambie Abigael sweta ikimbana aseme.

Nielewe. Mimi hukusanya baiskeli za BMX za mashindano, zile za miaka ya themanini. Ninazo saba. Watu hucheka, wakisema mzee mzima na vibaiskeli vya watoto, lakini tuko wengi, hata ng'ambo. Inayotafutwa ni ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani: raba zake za mkononi, stika zake, kiti chake, hata kwaruzo lake la kwanza. Moja kati ya zangu ilipakwa rangi na mtu aliyekuwa na nia njema kama wewe. Ni kama maiti aliyepakwa poda: anapendeza, lakini hatarudi.

Kwa hivyo usipake, usisugue kwa steelwool, usibadilishe tairi hata zikiwa kama hiyo chapati yako. Hata vifuniko vya valvu viache. Chini ya fremu, pale pedali zinapoungana, kuna namba imegongwa kwenye chuma. Niandikie hiyo namba. Na uniambie kama kibao cha manjano cha mbele, chenye 31, bado kipo.

Siri hakuna. Ni kumbukumbu ya kaka yangu. Nitatafuta mtu wa kuja kuichukua, usijisumbue.

Baba yako mdogo,
Nyangau


Kebirigo
Jumapili, 16 Machi 2025

Baba Mdogo,

Sabato ilikuwa njema, mahubiri marefu. Mtoto sasa anasimama akishika meza na kubomoa kilicho juu yake. Goti la mama ni vilevile.

Barua yako ilifika haraka. Rambirambi zako za baba zilichukua wiki tano. Nimeliweka hilo moyoni, sijui nilipeleke wapi.

Jumanne alikuja mtu. Viatu safi, simu kubwa, jina Mose. Alisema anapima vyanzo vya maji. Nikamkaribisha, nikaingia jikoni kumtolea chai, niliporudi nikamkuta amepiga magoti barazani, ameilaza baiskeli chali, anaipiga picha tumboni. Nikamwambia, "Maji yako huko chini?" Akacheka. Akauliza, "Mama, hiki kiti ndicho chenyewe?" Mpima maji hajali kiti.

Nikamwuliza ametoka wapi. Nakuru. Amewahi kufika huku? "Mwezi wa nane nilikuwa Kisii na rafiki yangu mmoja," akasema, kisha akakumbuka kwamba ana mdomo, akaufunga. Chai hakumaliza.

Mwezi wa nane tulikuwa tunamzika baba. Wewe ulisema una homa, uko kitandani Nakuru.

Sasa sikia nilichofanya. Jioni hiyo nilitoa spana za baba nikaifungua baiskeli yote, kama alivyonifundisha nikiwa wa darasa la sita, skrubu kila moja kwenye shimo lake. Sijakwaruza kitu. Magurudumu nimepeleka kwa mama Birongo. Kiti, usukani na kibao cha 31 viko mahali. Pedali na cheni viko mahali pengine. Fremu iko chini ya kitanda changu. Wewe ni baba yangu, na unajua heshima yetu: baba haingii chumba anacholala binti yake na mume wake. Kwa hivyo hapo pana kufuli kuliko kufuli.

Eric anasema nikupe tu, iwe amani. Eric hupenda amani kama anavyopenda ugali uliosongwa na mtu mwingine.

Umesema inayotafutwa ni iliyo na kila kitu chake. Basi, kila jibu la kweli, kifaa kimoja. Maswali ni mawili kwa sasa. Mose ni nani? Na mwezi wa nane ulikuwa wapi?

Namba nimeisoma. Sijaiandika hapa.

Phanice


Nakuru
5 Aprili 2025

Phanice,

Natumai mko salama. Hapa mvua imeanza, gereji imejaa matope.

Sikutegemea barua kama ile kutoka kwa mtoto niliyembeba mgongoni. Mose ni mwenzangu, naye hukusanya. Nilimtuma mimi. Uongo wa maji ni wake, nami nauombea msamaha.

Mwezi wa nane nilikuwa na homa. Mose amechanganya miezi.

Sasa nikukumbushe kitu, kwa upole. Mali ya marehemu huangaliwa na ndugu yake. Wewe umeolewa, una kwenu Nyamira. Mambo ya boma la Birongo si ya kufungwa na kufunguliwa na spana ya binti. Daktari alitupa baiskeli ile sisi wawili, kaka na mimi. Yeye ametangulia, nimebaki mimi. Eric ana busara, msikilize.

Tafadhali usiweke fremu sakafuni penye unyevu. Weka gazeti chini yake.

Nyangau


Kebirigo
Jumapili, 27 Aprili 2025

Baba Mdogo,

Tumshukuru Mungu, tunaamka. Abigael alikuwa wa tatu darasani. Mtoto ametembea hatua nne, akaanguka juu ya paka.

Jibu la Mose ni la kweli, kwa hivyo kiti kiko ndani ya kifurushi hiki. Nimekifunga kwa leso yangu ya kijani. Leso si ya mkusanyo, unirudishie.

Jibu la homa nimelirudisha kwako kama lilivyokuja. Na kama mali ya kaka yako ni yako, karibu uichukue. Iko chumbani.

Gazeti nimeweka.

Nilitaka nikutumie na kibao cha 31, kwa huruma tu. Nilipokigeuza kukifunga, nikaona nyuma yake maandishi ya kalamu, mwandiko wa mtoto, Kiingereza. Abigael alinisomea ingawa nami nilikuwa nimeshasoma: baiskeli hii ni ya Martin, ukiipata tafadhali nirudishie. Na chini yake amechora uso unaocheka.

Baba Mdogo, zawadi haiandikwi hivyo.

Nikabeba mtoto nikaenda Birongo. Nikamkuta mama anamenya ndizi. Nikamwuliza, "Mama, Martin ni nani?" Akasimama na goti lake lile, akasema, "Ngoja, maziwa yanafurika." Sufuria ya maziwa ilikuwa imetundikwa ukutani, tupu, kavu. Alikaa huko jikoni mpaka nilipoaga.

Nimelala nikiwaza jambo ambalo tangu utoto nililiona la kawaida. Baba alifika kanisani wa kwanza kila Sabato. Alifagia, alipanga viti, alitengeneza mlango ulipolegea. Lakini hata siku moja sikumwona amepewa sahani ya sadaka kuipitisha. Walipewa vijana wasiojua kufunga tai. Yeye aliketi benchi la nyuma, sahani ikifika kwake anatoa, anaipitisha upesi kama chuma cha moto.

Wiki iliyopita nilimwuliza mama Jacinta, yule mzee wa kwaya. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua hutokea wapi. "Mwanangu, mtu aliyefungwa kwa wizi atashikaje sadaka?"

Mimi nina miaka ishirini na nane. Hakuna aliyewahi kuniambia baba yangu alifungwa.

Kibao nimekirudisha mahali pake. Alifungwa kwa nini, Baba Mdogo?

Phanice


Nakuru
29 Juni 2025

Phanice mwanangu,

Nakusalimu wewe, Eric na watoto. Hongera kwa Abigael. Kwa hizo hatua nne, hongera pia.

Barua yako imekaa hapa miezi miwili. Nimeanza kujibu mara nyingi, na kila nikianza naandika habari za mvua.

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yako alikuwa na ishirini, anafanya kazi ya bustani kwa daktari mmoja Mzungu, Kisii. Likizo nilienda kumsaidia kukata nyasi. Daktari alikuwa na mtoto wa rika langu, Martin, na Martin alikuwa na baiskeli ya mashindano. Walikuwa wametengeneza vilima vya udongo nyuma ya nyumba, yeye na Wazungu wenzake, wanashindana. Aliporuka, mwanangu, magurudumu yote mawili yalikaa hewani na jua likapita katikati. Siku moja akaniachia nizunguke mara moja. Mara moja tu.

Alhamisi, wakiwa mezani wanakula, niliichukua. Sikuipanda, niliogopa kuikwaruza. Niliisukuma kwa njia za mashambani mpaka Birongo, nikaizika ndani ya majani ya ng'ombe ghalani.

Askari walikuja kwa baba yako. Kabla hawajafika alikuwa ameona alama ya tairi kando ya ghala, akanitazama. Walipomwuliza nani mwingine alikuwa akiingia pale kwa daktari, akajibu, "Nilikuwa peke yangu." Nilikuwa nimesimama karibu naye kama tulivyo mimi na meza hii.

Miezi sita. Alipotoka, daktari na familia walikuwa wamerudi kwao. Baba yako akaenda moja kwa moja kwenye majani, akaitoa, akaifuta kwa mafuta ya kupikia. Akasema, "Kitu cha watu hurudi kilivyotoka." Akaipandisha darini. Hakunipiga. Hakunitukana. Afadhali angenipiga. Miaka minne nilikula ugali chini ya gunia lile, kisha nikaenda Nakuru.

Hizo saba nilizo nazo, kila moja nilipoinunua nilitaka iwe ile.

Homa haikuwepo. Siku ya mazishi nilifika Daraja Mbili, nimevaa suti, Mose ananiendesha. Nikashuka kununua maji. Nikaona akina mama wa Birongo wakipakia ndizi za kupeleka kwenye matanga, mmoja akaniita Onyiego, jina la baba yako, kwa kuwa nimefanana naye. Nikarudi kwenye gari, nikamwambia Mose ageuze.

Na la mwisho, kwa kuwa umeniuliza kweli. Martin yuko hai. Naye hukusanya. Mwaka wa tatu sasa ameiweka ile namba mtandaoni, anaomba aliye nayo amwandikie. Ndiyo maana Mose aliipiga picha. Ni yenyewe. Martin bado sijamjibu.

Nitumie fremu na vilivyobaki, niviunganishe hapa. Halafu nitaona.

Nyangau


Kebirigo
Jumapili, 3 Agosti 2025

Baba Mdogo,

Salamu kwanza, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Sote wazima. Mtoto sasa anakimbia, paka amehamia kwa jirani. Chai ni nyingi, mgongo ni mmoja.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikasonga ugali huku nalia, Eric akala bila kuuliza chumvi imetoka wapi. Kisha nikaenda Birongo nikamsomea mama, polepole, nikiigeuza kwa Ekegusii. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Aliniapisha. Mimi nilinyamaza kwa ajili yake. Huyo mwingine alinyamaza kwa ajili ya nani?" Mjibu wewe.

Nimeufikiria ule mkebe wa rangi ya fedha. Ungefunguliwa siku moja kabla ya barua yako ya Februari kufika, ningefuta miaka thelathini na minane ya baba yangu kwa brashi ya Daraja Mbili, nikijiona namheshimu. Wewe na Mose mnasifu jinsi ilivyokaa kama ilivyotoka kiwandani. Kiwanda hakikuitunza. Aliitunza mtu aliyeitwa mwizi kila Sabato na bado alikuwa anamngojea mwenye baiskeli. Rangi nimepaka mlango wa choo. Unang'aa mpaka wageni wanauogopa.

Nikwambie jambo lingine, na ulisome mara mbili. Yule mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyesukuma baiskeli bila kuipanda simkasirikii. Nina mtoto wa miaka kumi, najua macho yao yanavyoweza kupenda kitu. Ninayemkasirikia ana miaka hamsini na mbili, alifika Daraja Mbili akageuza gari, kisha akanitumia mpima maji.

Na "nitaona" yako haijanitosha. Nimeisoma kwa mwanga wa mchana na kwa taa, inasema kitu kilekile: baiskeli ya nane ukutani Nakuru. Labda nakuonea. Ukweli umesema, nakubali, lakini umeusema mlango ukiwa umefungwa, tukiwa wawili. Baba alifungwa hadharani.

Kwa hivyo kifaa kingine hakiji Nakuru. Baiskeli nitaiunganisha mimi, kwa spana zake, Birongo, chini ya dari ileile, na itatoka hapo nzima kwenda kwa Martin. Mwezi ujao utatimiza mwaka na zaidi tangu tumzike, na mama anataka kuweka msalaba wa saruji kaburini. Anataka jina liandikwe likiwa safi.

Ninavyohitaji bado unitumie ni hivi.

Kiti, kikiwa kama nilivyokutumia, na leso yangu ya kijani.

Anwani ya Martin, pamoja na nakala ya barua utakayomwandikia kwa mkono wako. Nitamwandikia na mimi, ili nione kama zimefika zote mbili.

Barua kwa kanisa la Birongo, ya kusomwa Sabato mbele ya wote, iseme nani aliichukua na nani alifungwa. Isianze na habari za mvua.

Baiskeli moja ya Abigael, ya rangi yoyote, ya mwaka wowote, ila breki zishike. Ya kukwaruzwa.

Nepi, saizi ya nne, pakiti mbili.

Wewe mwenyewe, Sabato hiyo barua itakaposomwa, na ile suti. Ukifika Daraja Mbili usishuke kununua maji, maji yapo kwa mama. Utaketi benchi la nyuma, pale alipokuwa akiketi. Mimi nitaketi kando yako, sitakuacha peke yako.

Na kitambaa kingine laini kama kile cha Desemba. Cha kwanza kimeisha kwa kuifuta.

Phanice wa Onyiego